Hesabu Kwanza: Mwongozo wa Kuondoa Ubaguzi Usiokusudiwa Katika Shule Zetu za Nakuru

"Wanjiku, shika pesa za safari. Nyinyi na pesa mnajuana."

Maneno hayo ni yangu. Niliyasema mbele ya Gredi ya 5 asubuhi moja ya muhula wa pili, tukijiandaa kwenda kuona heroe Ziwa Nakuru. Darasa lilicheka. Msichana niliyempa pesa, Mkikuyu (hilo si jina lake), akacheka pia, akazifunga noti kwenye leso, nami nikaendelea kuita majina. Saa ya chakula mvulana mmoja, Mjaluo, akaja kusimama kando ya meza yangu na sahani ya githeri mkononi. Hakuwa amekasirika. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na sisi tunajuana na nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Alisimama pale kwa muda akingoja, githeri ikipoa, kisha akarudi kwa wenzake. Yule mtoto alikuwa ameelewa sawasawa kwamba mwalimu wake ana daftari fulani kichwani, ambamo kila kabila limeandikiwa kazi yake, na alitaka kujua yeye ameandikiwa nini.

Nimekaa darasani miaka mingi na sijawahi kukutana na mwalimu aliyeamka asubuhi akasema leo nitabagua watoto. Ndiyo maana semina za kutuambia tubadilishe mioyo hazinisaidii sana. Moyo wangu nikiuchungulia nauona safi. Lakini orodha ya viranja, zamu ya kupiga deki, majina niliyoyaita kujibu maswali wiki nzima, majina yaliyo kwenye kitabu cha adhabu: hivyo vinaonekana, na vinahesabika. Mwongozo huu nimeuandikia walimu, wazazi na wajumbe wa bodi za shule walio tayari kuhesabu.

Kwa nini hapa kwetu jambo hili ni zito

Darasa la kawaida mjini Nakuru lina mtoto ambaye familia yake imekaa Bondeni tangu enzi za mkoloni, mwingine wa Kaptembwa ambaye wazazi wake walitoka Vihiga, mwingine wa Rhonda ambaye mama ni Mkisii na baba ni Mkalenjin, na mwingine wa Milimani anayeshushwa langoni kwa gari. Reli, mashamba ya walowezi na viwanda viliwakusanya babu zetu hapa, nasi tukazaliwa majirani.

Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi kutoka sehemu mbalimbali za Bonde la Ufa zililala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa ASK hapa Nakuru. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati ule leo ni mtu mzima, na huenda ndiye anayekuletea mwanawe chekechea asubuhi. Mzazi huyo akisikia mwalimu langoni akisema "hawa watu ndivyo walivyo", hasikii mzaha.

Hata maneno yetu yana historia. Kwingine "madoadoa" ni rangi ya chui tu. Huku lilitumiwa kumtaja jirani wa kabila jingine anayepaswa kuondolewa, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka kwenye orodha ya maneno ya uchochezi. Mimi nilizoea kuwaambia watoto, "Futeni haya madoadoa kwenye daftari." Siku hizi nasema "alama za wino". Hakuna aliyenilazimisha.

Hatua ya 1: Chora darasa, uhesabu kwa wiki moja

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu kila kitu kingine kinategemea hatua hii.

Chukua karatasi moja, uchore madawati yalivyopangwa, kila kiti mraba wake. Andika jina la kwanza la mtoto ndani ya mraba. Usiandike kabila, usiandike dini, wala usipite ukiuliza watoto "wewe ni wa wapi?". Swali hilo lenyewe lina jeraha lake, na pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka asili ya kikabila ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Unachohitaji ni kiti na jina tu.

Kisha mwombe mwalimu mwenzako aketi nyuma kwa vipindi viwili au vitatu katika wiki hiyo. Kila unapomwuliza mtoto swali, yeye anachora kistari ndani ya mraba wake. Ukimsifu, anatia nukta. Ukimkaripia, anatia msalaba. Kama hakuna mwenzako aliye na nafasi, weka simu kwenye rafu irekodi sauti yako peke yake, usikilize jioni, ujaze karatasi, kisha uifute rekodi. Usijihesabu mwenyewe huku ukifundisha. Nilijaribu, nikajikuta nauliza maswali kwa ajili ya karatasi.

Ijumaa kaa na karatasi hiyo peke yako. Yangu ya kwanza ilinionyesha madawati mawili ya nyuma, kando ya dirisha, yasiyokuwa na kistari hata kimoja. Watoto wanne. Wawili walikuwa wamehamia kutoka shule nyingine muhula huo, mmoja alikuwa na kigugumizi, na wa nne alikuwa dada mdogo wa mvulana aliyenisumbua sana miaka miwili kabla. Nilikuwa nimemfungia mtoto wa watu mlango kwa kosa la kaka yake, na singelijua hilo kamwe bila ile karatasi.

Katika kuisoma, jiulize mambo machache. Wavulana na wasichana, nani anaulizwa swali la "kwa nini" na nani anaulizwa la "soma sentensi inayofuata"? Sifa zikitoka, zinasifu nini: akili, au unadhifu wa mwandiko? Misalaba imekusanyika upande gani? Mtoto mwenye ulemavu ana vistari vingapi? Wale wasiomaliza karo ya chakula je?

Kuna sababu ya kuchukua vistari hivi kwa uzito. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika shule moja ya msingi huko California, Marekani. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani walikuwa karibu kuchanua kimasomo. Kumbe majina hayo yaliokotwa kwa bahati nasibu tu. Baadaye walipopimwa tena, baadhi ya watoto wale, hasa wa madarasa ya chini kabisa, walikuwa wamewapita wenzao. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuhusu ukubwa wa jambo lile, na wengi huona ni dogo kuliko lilivyotangazwa mwanzoni. Hata likiwa dogo, mtoto wa Gredi ya 1 analibeba mwaka baada ya mwaka.

Mtafiti mwingine wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima kitu ambacho mwalimu yeyote anaweza kukipima kesho: kimya baada ya swali. Aligundua kwamba walimu wengi hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kuita mtoto mwingine, na kwamba yule anayedhaniwa mzito hungojewa muda mfupi zaidi. Walipofundishwa kungoja sekunde 3, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa wamenyamaza wakaanza kusema. Basi wiki ya pili ya hesabu yako, kila ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, polepole. Utaona jinsi sekunde tatu zilivyo ndefu mbele ya darasa la watoto hamsini. Zivumilie.

Hatua ya 2: Pitia maswali ya hesabu na ya insha unayotunga

Fungua faili yako ya mitihani ya miaka miwili iliyopita. Chukua kalamu nyekundu, piga mstari chini ya kila jina la mtu na kila kazi anayofanya. Dakika kumi zinatosha.

Kwangu nilikuta haya. Kamau ana duka, anapata faida. Achieng anauza samaki sokoni. Wafula ni bawabu, analipwa kwa siku. Kiprono amekimbia mita kadhaa, tafuta mwendo wake. Mama anapika, baba anajenga. Abdi ana ngamia. Hakuna swali hata moja kati ya hayo lililotungwa kwa ubaya; majina yalinijia yenyewe, na hapo ndipo penye tatizo. Mtoto anayeitwa Wafula amefanya mtihani tangu Gredi ya 3 akijikuta langoni mwa tajiri, muhula kwa muhula, na karatasi ina muhuri wa shule.

Dawa yake ni rahisi. Andika majina ishirini kwenye vikaratasi, na kazi ishirini kwenye vingine: daktari, fundi wa umeme, mwenye duka, mvuvi, rubani, mpishi, mkulima wa viazi Molo, mwalimu, dereva wa matatu. Weka katika mikebe miwili. Unapotunga swali, chomoa kikaratasi kimoja kila upande. Ukipata Nekesa ni rubani na Njoroge ni mpishi wa harusi, andika hivyo hivyo, usibadilishe kwa kuwa "haisikiki vizuri". Hapo ambapo haisikiki vizuri ndipo mkebe unapokufaa zaidi.

Neno moja kuhusu Kiprono na mbio zake. Tunapenda kudhani kwamba dhana ikiwa ya sifa haina madhara. Nimemwona mvulana Mkalenjin, mnene kidogo, mpenzi wa kuchora, akisukumwa uwanjani kila msimu wa riadha na kuambiwa anawaangusha watu wake. Aliacha kuja shuleni siku za mazoezi. Sifa ya kabila ikimwangukia mtoto asiyeiweza, inakuwa deni ambalo hakulikopa.

Hatua ya 3: Lafudhi

Hili linaumiza watoto wetu kila siku, na tunalichekea sana.

Gikuyu haina sauti ya "l" kama ya Kiswahili, kwa hiyo mtoto aliyekulia Bahati au Njoro akizungumza lugha hiyo nyumbani atasema "rori". Dholuo haina "sh", naye wa kwao atasema "samba" akimaanisha shamba. Katika lugha za Kikalenjin tofauti ya "b" na "p", au "g" na "k", haibadilishi maana ya neno, kwa hiyo sikio la mtoto halijazoezwa kuzitenganisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopima akili. Huyo mtoto anazungumza lugha ya pili au ya tatu kwa kutumia vifaa vya ya kwanza, jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya akifika kwenye lugha ya wageni.

Mwalimu akirudia kosa la mtoto kwa kumwigiza, darasa litacheka, na mtoto huyo hatanyosha mkono tena hadi muhula uishe. Fanya hivi badala yake. Kwanza, akisoma, usimkatize katikati ya sentensi. Akimaliza, rudia wewe neno kwa usahihi ndani ya jibu lako: "Naam, lori lilianguka. Kisha?" Pili, mazoezi ya sauti yawe ya darasa zima, kila mtu, pamoja na wale wanaodhani hawana shida. Vitanza ndimi vinafaa sana. Vyangu nimevitunga mwenyewe: "Lori la Rehema lililala juu ya lami." "Shangazi alisahau sahani shambani." "Baba apiga pasi, Pili abeba begi." Kila kabila litajikwaa mahali pake, watacheka pamoja, na hakuna atakayekuwa peke yake mbele ya wenzake. Tatu, usikate alama za hesabu au sayansi kwa sababu ya matamshi katika mtihani wa mdomo. Hilo lizungumzeni kwenye kikao cha idara na mliandike.

Tukiwa hapo hapo: lugha ya mama si kosa. Wengi wetu tulivalishwa diski shingoni kwa kusema lugha za nyumbani, na aibu ile bado tunayo. Lakini majilisi ya walimu ni jambo jingine. Ikiwa walimu watano wanazungumza lugha yao na wa sita ameketi pale pale akinywa chai peke yake, huyo ametengwa, hata kama mazungumzo yalikuwa ya bei ya mbolea. Kanuni yetu tuliibandika mlangoni: akiwepo asiyeielewa lugha yenu, Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakiita lugha ya taifa, na hapa Nakuru kimetuunganisha sokoni na kwenye matatu tangu zamani.

Hatua ya 4: Zamu, vyeo na safari

Nenda kwenye ubao wa matangazo, usome ratiba ya usafi. Mahali pengi utakuta wasichana wanapiga deki na kuosha sufuria, wavulana wanabeba madawati na kuchota maji. Nani anatumwa dukani kumnunulia mwalimu mkate? Nani anabeba mkoba wa mwalimu mkuu? Nani anakariri shairi wageni wanapokuja, na je, kila mwaka ni yule yule mwenye viatu vizuri?

Zamu ipangwe kwa nambari ya rejista, kuanzia 1 hadi mwisho, kisha irudi mwanzo. Isibadilishwe kwa ajili ya mtu yeyote isipokuwa kwa ugonjwa. Wavulana watapiga deki vibaya wiki mbili za kwanza, na wiki ya tatu watajua. Kwa viranja, kura ya siri, lakini kwanza weka kanuni kwamba aliyekwisha kuwa kiranja mwaka uliopita anampisha mwingine.

Siku ya utamaduni inahitaji kufikiriwa upya, nami nasema hivyo nikiwa mtu niliyeipenda sana. Tulikuwa tukiwaambia watoto wasimame kwa makabila, kila kundi na chakula chake na ngoma yake. Mwaka mmoja msichana mmoja alibaki katikati ya uwanja. Mama yake Mturkana, baba yake Mkikuyu, nyumbani wanasema Kiswahili. Mwalimu wa zamu akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nenda kwa baba yako." Alienda, lakini akasimama mwisho wa mstari, mikono nyuma, hadi ngoma ikaisha. Tangu hapo tunapanga siku ile kwa mambo, si kwa makabila: nyimbo za kubembeleza mtoto, vyakula vya msimu wa njaa, michezo ya babu zetu, namna za kusalimia wakubwa. Kila mtoto analeta alichonacho nyumbani, hata kama ni wimbo ambao mama yake alijifunza redioni.

Kuhusu masomo ya mbele. Sekondari ya juu ya mtaala mpya imeanza Januari 2026, na mwanafunzi anaingia akiwa amechagua njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uchaguzi huo unaanza kusukwa kichwani mwa mtoto mapema sana, kwa maneno mepesi kama "wewe ni mpole, utafaa uuguzi" au "msichana kama wewe na fizikia za nini". Mzazi, mwalimu, ukiombwa ushauri, fungua kwanza kazi zake za miaka mitatu na umwulize mtoto ni somo gani humfanya asahau saa. Jinsia yake na mtaa anaotoka viache nje ya mlango.

Hatua ya 5: Adhabu, na jaribio la kubadilisha jina

Viboko vilikatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kwa hiyo sivizungumzii. Nazungumzia maamuzi madogo: nani anarudishwa nyumbani kuleta mzazi, nani anaambiwa tu "usirudie".

Kabla ya kuamua, badilisha jina. Umemkuta mvulana wa Rhonda na simu darasani. Jiulize: angekuwa ni yule mtoto wa mjumbe wa bodi, ningefanya nini? Jibu lako la kwanza, kabla hujaanza kulipamba, ndilo adhabu yao wote wawili. Ukiona majibu yanatofautiana, ipunguze ile nzito. Usiiongeze ile nyepesi.

Kuchelewa nako kuchunguzwe. Mtoto anayetembea kutoka Kaptembwa barabara ikiwa tope, na yule anayeletwa na gari la shule, hawaanzi siku kwa wakati mmoja. Tulikuwa na kitabu cha waliochelewa, na majina yalitoka mtaa mmoja karibu wote. Tulikuwa tumewaita wavivu mwaka mzima. Dawa ilikuwa kuhamisha somo la kusoma kimya liwe la kwanza, ili anayeingia dakika kumi baadaye aketi bila kupitia paredi ya aibu.

Na vilemba. Hijabu, kilemba cha waumini wa kanisa la Akorino, rasta za mtoto wa Kirastafari: mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine na ikaamuru mwanafunzi msichana aliyefukuzwa kwa sababu ya rasta zake arudi darasani. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa dini, jinsia, kabila, mavazi, lugha, hali ya afya na mengine mengi. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kwa hiyo "yule kiwete wa Gredi ya 4" hata kwenye majilisi, hata bila mtoto kuwepo, hairuhusiwi. Ana jina.

Hatua ya 6: Neno likishatoka

Litatoka. Lilinitoka mimi, na litanitoka tena.

Ukilisema hadharani, lisahihishe hadharani. Siku iliyofuata ile ya githeri nilisimama mbele ya Gredi ya 5 nikasema hivi, karibu neno kwa neno: "Jana nilisema kwamba watu wa kabila moja wanajuana na pesa. Nilikosea. Pesa za safari zinashikwa na mtu ninayemwamini, na leo nimewachagua wawili kwa kura." Nikatikisa mkebe, tukachomoa majina. Ilichukua dakika mbili. Sikumwita yule mvulana mbele, sikumwomba aseme amenisamehe, wala sikujieleza kwamba mimi nina marafiki wa kila kabila. Kumwomba mtoto msamaha kisha kumtaka akufariji ni kumbebesha mzigo wa pili.

Mwenzako akilisema, mfuate faraghani siku ile ile, na uanze na ulichosikia, si na unavyomwona yeye. "Mwalimu, nilikusikia ukimwambia Chebet kwamba kwao ni kukimbia tu. Nilimwona akiinama." Basi. Mwache alifikirie. Mkubwa kwa umri mwanzie kwa heshima yake, mwombe nafasi, lakini usiliache kwa sababu ya umri wake.

Kwa mzazi ni kugumu zaidi. Nitakuonyesha jinsi mazungumzo moja yalivyokwenda, majina nimebadilisha.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na mtu, lakini Brian wangu asiketi na yule mtoto. Hao watu tunawajua."

"Karibu uketi, Mama Brian. Yule mtoto amemfanya nini Brian?"

"Bado hajamfanya kitu."

"Amemwibia? Amempiga?"

"La. Lakini si unajua tulikotoka, mwalimu. Sisi tulichomewa nyumba."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mtu aliyechomewa nyumba haambiwi asahau. Nilimwambia, "Pole sana, mama. Yaliyokupata yalikuwa mabaya, na aliyeyafanya alikuwa mtu mzima. Huyu alizaliwa 2013. Ndiye anayemsaidia Brian kugawanya desimali. Nikimhamisha, nitamwambia amekosa nini?"

Hakujibu. Alikunywa chai, akauliza habari ya karo, akaondoka. Brian alibaki kwenye kiti chake. Sijui kama mama yake alibadilika, na sikumwuliza tena. Kazi yangu ilikuwa kile kiti.

Usimwite mzazi kama huyo mkabila mbele ya ofisi nzima. Atafunga mlango, na mtoto wake ndiye atakayebaki nyuma ya mlango huo. Lakini ombi lenyewe likatae, kwa sauti tulivu, kila mara.

Hatua ya 7: Kundi la wazazi kwenye simu

Nitapita haraka hapa. Kundi la WhatsApp la darasa liwe na kanuni tatu zilizobandikwa juu: Kiswahili au Kiingereza tu, hakuna siasa, hakuna picha au video ya mtoto wa mtu mwingine. Mwaka wa uchaguzi, na 2027 uko mlangoni, wasimamizi wawe wawili wa pande tofauti za mji. Ujumbe wa uchochezi ufutwe na aliyeutuma apigiwe simu. Kumjibu pale pale kundini ni kuuchochea moto. Na orodha ya wasiolipa pesa za chakula isitumwe humo hata siku moja.

Hatua ya 8: Rudia hesabu

Wiki ya nane ya muhula, kabla ya mitihani kuanza kutuchanganya, chora darasa upya na umrudishe mwenzako kule nyuma na kalamu yake. Badilishaneni: yeye akikuhesabu Jumanne, wewe mhesabu Alhamisi. Karatasi zote ziweke kwenye bahasha moja kwenye kabati lako. Zisipelekwe kwa mwalimu mkuu wala kwa mkaguzi, kwa kuwa karatasi ikigeuka ripoti, watu wataanza kuipamba. Ikifika muhula wa tatu utakuwa na bahasha yenye karatasi tatu. Zitandaze mezani kwa mpangilio, na utafute kwanza viti visivyo na kistari. Kama ni vile vile vya muhula wa kwanza, anza navyo Jumatatu, swali la kwanza la asubuhi, na sekunde tatu za kungoja.